Ruhusa ya Kusimama Wima

Bweni la Wanafunzi,
Urusi.
Jumapili mchana, mwezi wa pili.

Mjomba Selemani,

Shikamoo, Mjomba. Natumai kile kifua kilichokusumbua wakati wa kuchoma mashamba kimeachia, na kwamba mpunga wa bondeni umeshika vizuri msimu huu. Mama anaendeleaje na goti lake? Barua yako ya mwisho ilisema milio ya mabomu kutoka ng'ambo ya Ruvuma imezidi na kwamba mmeanza kulala mbali na mto. Tangu niisome, kila redio ya hapa ikitaja Msumbiji naacha kijiko kwenye sahani nasikiliza. Wale ndugu wa Bibi waliovuka na watoto, wamepata pa kulima? Nijibu hayo yote, hata kama mengine utayaona ya kipuuzi.

Mimi ni mzima. Nimeandika "mzima" kisha nikaliangalia neno hilo kwa muda mrefu, maana si la kweli lote. Tangu umalize kisomo cha watu wazima unasoma barua zangu mwenyewe, na hupendi mtu akuchungulie begani. Leo nimeishukuru tabia yako hiyo. Tafadhali chukua barua hii uende nayo shambani, ukaisome huko peke yako. Usimsomee Mama. Nina jambo moja la kukuomba, na nisipolipata kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu nitatolewa kwenye maabara, na pengine nitarudishwa nyumbani bila shahada.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Mwaka jana uliniuliza ninasoma nini hasa. Nikakujibu ninasoma mwanga. Ukaniandikia kwamba mwanga Kitaya upo wa kutosha, haukuwa na haja ya kufuatwa kwa ndege. Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nimeingiwa na wazimu. Lakini ulikuwa na haki ya kupata jibu, nami nilikujibu kivivu.

Ukimulika mto kwa tochi yako, mwanga unatoka mwembamba kisha unatanuka, na ukifika ng'ambo umeshakuwa hafifu, hauonyeshi kitu. Sisi hapa tunafanya kazi na mwanga usiotanuka. Unatoka kwenye fimbo ya yakuti nyekundu, urefu wake kama kidole chako cha kati, iliyozungukwa na taa kali. Taa ikipiga, ile yakuti inatema mwanga mara moja tu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mwanga huo unakwenda umenyooka kama uzi uliovutwa. Wanauita leza. Nimeuona kwa macho yangu ukitoboa wembe. Na madaktari wa macho wa hapa wameanza kuutumia kugandisha nyama iliyobanduka nyuma ya jicho, mtu aliyekuwa anaelekea kupofuka akaona tena. Hilo ndilo nililotaka kujifunza nije nalo nyumbani. Usicheke, Mjomba, utaona mbele kwa nini nasema usicheke.

Kwenye meza yetu mwanga huo unapita kwenye kimo cha kifua changu. Kwa hiyo sheria ni nyepesi. Kengele ikilia, kila mtu avae miwani ya kinga, asimame wima, na asishushe kichwa mpaka kengele ilie mara ya pili. Mtu aliyesimama wima macho yake yako juu ya njia ya mwanga, haumfikii. Imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Niliisoma siku ya kwanza nikaona haina ugumu wowote.

Walioitunga sheria ile hawakukuwaza wewe.

Nilikuwa na miaka saba, nimebeba bakuli la maji ya kunawa, nikapita mbele yako na wageni wako wawili nikiwa nimesimama kama askari. Ukaniita. "We Hamisi! Unapita mbele za watu kama mlingoti? Rudi ulikotoka!" Nikarudi, nikapita tena. Ukasema bado. Ulinirudisha mara saba, mpaka maji yakaisha njiani na wageni wakakuomba unisamehe. Ukawaambia, "Simwadhibu. Nampa kitu atakachokwenda nacho." Mara ya saba mgongo ulikunjika wenyewe na mkono wa kulia ukaenda gotini bila mimi kuuagiza. Kisha jandoni somo hilo likarudiwa tena, na ya jandoni hayaandikwi kwenye karatasi. Tangu hapo hakuna mtu mzima aliyewahi kuona kichwa changu kikipita juu ya chake.

Hapa watu hawainamiani. Nilidhani hawana adabu mpaka nilipogundua kwamba mtu mzima hawamwiti kwa jina lake tupu, wanaliunganisha na la baba yake, nikasema basi, hawa nao wana kwao. Profesa wetu anaitwa Arkadi Lvovich, yaani Arkadi mwana wa Lev. Ni mzee wa umri wako, ana mvi, kikohozi na koti moja la siku zote. Kila akipita karibu yangu nainama. Alidhani mgongo unaniuma. Siku moja akaniletea dawa ya kuchua, nami kwa aibu nikaipokea kwa mikono miwili na kuinama zaidi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa majuma matano yaliyopita, saa nne asubuhi. Tulikuwa mimi na Viktor, kijana wa darasa langu, mrefu na mkimya, ambaye kazi yake ni kubonyeza swichi. Kengele ikalia. Mimi nilikuwa nimepandisha miwani kwenye paji la uso kwa sababu vioo vyake ni vya kijani kizito na nilikuwa naandika namba kwenye daftari. Hilo ni kosa langu, sitalificha. Nilikusudia kuishusha. Mara mlango wa pembeni ukafunguka, Profesa akaingia. Nafasi kati ya meza na ukuta ni nyembamba. Ili apate njia, ilinibidi nipite mbele yake. Sikuwaza lolote, Mjomba. Mkono ulikwenda gotini, kichwa kikashuka, na Viktor alikuwa ameshabonyeza.

Ndani ya kichwa nilisikia kitu kama ukucha unaokatika. Kila kitu kikawa chekundu, kisha cheupe, kisha katikati pakabaki doa jeusi. Haukuwa mwanga wenyewe, ulikuwa kipande kidogo tu kilichodunda kwenye ukingo wa kioo. Ungekuwa mwanga wenyewe, nisingekuwa na cha kusimulia.

Viktor alipiga kelele. Profesa akanishika bega. "Umeumia?"

"Hapana."

"Kwa nini uliinama?"

"Niliangusha kalamu," nikasema. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu.

Unauliza kwa nini nilidanganya. Niliogopa. Kwanza niliogopa kurudishwa. Pili, na hii ndiyo iliyoniuma zaidi, sikujua nimwambie vipi mzee wa watu kwamba nimeumia kwa kumheshimu. Nikaenda bwenini, nikafumba jicho la kushoto, nikamtazama mwenzangu wa chumbani kwa lile la kulia. Masikio niliyaona, shingo niliiona, uso haukuwapo. Nikamwambia asogee huku, asogee kule. Kila alipokaa, uso wake ulikuwa umechukuliwa. Akaniuliza ninacheza mchezo gani, nikamjibu ni mchezo wa kwetu.

Kwa siku nne nilijikaza. Nilisoma kwa jicho moja, nikajifanya nina mafua ili kitambaa kiwe usoni wakati wote. Nilibadili njia kila nilipoona koti jeupe la daktari kwenye korido. Kumbe mwangalizi wa usalama wa maabara, mama mmoja mkali ambaye hajawahi kumsamehe mtu, alikuwa amesikia kelele za Viktor. Akaandika ripoti kwamba Viktor alibonyeza swichi bila kuangalia kama watu wako salama. Kikao kikapangwa Alhamisi. Wote walijua Viktor ataondolewa maabara, na kwake yeye, mtoto wa mjane kutoka kijiji cha mbali kuliko Kitaya, kuondolewa ni mwisho wa safari.

Jumatano mchana Viktor alinifuata mezani tulipokuwa tunakula supu ya kabichi. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza jambo moja tu: "Jicho lako ni zima kweli?"

"Zima," nikasema.

"Afadhali," akasema. "Mengine yote nitayastahimili."

Supu ilinishinda, nikaiacha pale pale.

Mjomba, nisikilize hapa bila kukunja uso. Nilikasirika. Nilikasirika juma zima, na niliyemkasirikia ni wewe. Nilikuona umekaa mbele ya wageni wako, unaniambia bado, rudi, bado. Nikasema moyoni, huyu mzee amenipofusha akiwa Kitaya. Nilikaa nikakuandikia barua nzima ya hasira, nikaichana. Sikuichana kwa adabu. Niliichana kwa sababu nilipofika mwisho wake niliona nimeandika "Shikamoo" pale pa kutia sahihi, na nikaona kwamba hata hasira yangu haijui kukukosea.

Alhamisi nikaenda kwenye kile kikao bila kuitwa. Walikuwa watu sita mezani. Profesa alikuwa katikati na Viktor amesimama peke yake karibu na dirisha. Nikasema kwa Kirusi changu cha kuungaunga kwamba Viktor hana kosa, kengele ililia, mimi ndiye niliyekuwa sina miwani na mimi ndiye niliyeinama.

"Tunajua," akasema yule mama. "Uliokota kalamu."

"Sikuokota kalamu."

"Sasa uliinamia nini?"

Nikamtazama Arkadi Lvovich. "Wewe uliingia," nikamwambia.

Hakuna aliyenielewa. Ilibidi nieleze. Nilieleza habari ya kupita mbele ya mtu mzima, nikaeleza bakuli la maji, nikasimama pale mbele yao nikawaonyesha jinsi inavyofanywa, mkono gotini na kichwa chini. Nilipoinuka, Profesa alikuwa amevua miwani na amefunika uso kwa mkono wake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na jicho?" Hapo ndipo nilipolia, mtu mzima mimi, mbele ya watu.

Walinipeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Ni kovu, Mjomba, nyuma kabisa ya jicho la kulia, mahali hasa pa kuonea. Halitaondoka. Pembeni ninaona, katikati sioni. Jicho la kushoto ni zima kabisa, nao wanasema kwa hilo naweza kusoma, kuandika na kufanya kazi hii maisha yangu yote, nikilitunza. Hiyo ndiyo habari ambayo Mama asiisikie kutoka kwako. Nitamwambia mwenyewe nikiwa nimekaa karibu naye, aweze kunishika uso.

Viktor walimfutia kosa, amerudi kwenye swichi yake. Kwangu mimi walibishana. Nusu yao walisema nihamishwe nikafanye hesabu za karatasi, na ubalozi wetu usiporidhika na hilo nirudishwe nyumbani. Arkadi Lvovich akakataa. Akasema nijaribiwe mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Ninaingia maabara kama kawaida ila mashine imezimwa, kengele inalia kama kweli, na yeye ataingia kwa mlango wa pembeni wakati wowote anaotaka. Nikishusha kichwa mara tatu, basi, mimi na leza tumeachana.

Nilifurahi. Niliona kazi imekwisha. Kusimama tu, nani asiyeweza kusimama?

Siku ya pili yake akaingia, na kabla sijajua nimefanya nini nilikuwa naangalia viatu vyake. Alisimama, akatikisa kichwa, akatoka. Moja hiyo.

Viktor akaleta fikra yake. Akachukua rula ndefu ya chuma, akanifunga mgongoni chini ya shati kwa kitambaa. Tukajaribu, nikashindwa kukunjika. Tukafurahi kama watoto. Juma lililofuata kengele ikalia, Profesa akaingia, na mgongo kweli ulibaki wima. Magoti ndiyo yalikunjika. Nilikwenda chini na rula yangu, nimenyooka kama mshumaa, mpaka macho yakawa sawasawa na meza. Viktor alitaka kucheka akashindwa, maana alijua hesabu. Mbili hizo.

Imebaki moja, na maji yamenifika shingoni. Tangu siku ile nikiingia maabara nashika ukingo wa meza mpaka vidole vinakufa ganzi. Profesa aliniita ofisini kwake akasema nimdharau kidogo, nimwite Arkadi tu kama anavyoitwa na mkewe. Nilifungua mdomo, jina lilikataa kutoka. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Ni nani anayekuinamisha?" Nikamwambia: mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Nikamweleza kwamba kwetu baba hunipenda na kunilisha, lakini mwenye neno juu yangu ni mjomba. Mwili huu haunitii mimi. Unakutii wewe.

Alifikiri. Nilidhani atasema haya ni mambo ya kizamani. Akasema, "Basi mwandikie. Mwambie kwamba mimi pia, mzee mwenzake, namwomba."

Ndiyo barua hii. Siombi uniruhusu niache adabu. Najua majirani watasema mtoto amekwenda Ulaya amejifanya Mzungu, na wewe utakaa barazani usikie hayo. Ninaomba chumba kimoja tu, Mjomba, chenye meza moja, na kati ya kengele mbili tu. Humo nisimwinamie mtu yeyote, hata angeingia nani, hata ungeingia wewe. Nikitoka mlangoni, mgongo wangu ni wako kama zamani.

Na ukiona moyo wako unakataa, niandikie hivyo hivyo, usinifiche. Nitatoka kwenye maabara ile mwenyewe kabla hawajanitoa, na sitakuandikia tena barua ya hasira. Hilo nakuahidi, ingawa nitaumia.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri na nimenunua koti zito. Nisalimie Baba, na umwambie picha aliyoiomba itakuja. Msalimie dada yangu Zainabu, mwambie asiache kumpeleka mtoto kwenye sindano hata kama analia. Msalimie shangazi Mwanaidi, na mkeo, mama yetu Bi Somoe, aliyenikaangia mihogo siku niliyoondoka. Wale wazee wawili waliokuja nyumbani siku ya bakuli, kama wangali hai, wape shikamoo zangu, lakini usiwaambie kitu.

Barua kutoka kwenu inachukua karibu majuma matatu, na mimi sina majuma mengi. Kwa hiyo usingoje kuandika kwa urefu. Panda lori uende Mtwara, uingie Posta, upige telegramu kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha. Maneno mawili yanatosha: Hamisi, simama. Nitayashona ndani ya koti langu la maabara, juu ya uti wa mgongo. Ukisema simama, nitasimama. Ukinyamaza, mgongo huu utaendelea kukutii, na mimi nimebakiwa na jicho moja tu la kukutii nalo.

Ni mimi mpwa wako, mtoto wa dada yako,

Hamisi